Kitabu cha sofkopi kinaishaje maktaba? Tuna vishikwambi hapa Bagamoyo, naomba mwongozo

Mwambao_Dunda

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Hapa Bagamoyo maeneo ya Dunda tuna kimaktaba cha mtaa, sio cha serikali, ni chumba kimoja tu alitupa mzee mwenye nyumba yake, makabati mawili, vitabu vya kuchangiwa, vingi vya kiada vya mitaala ya zamani na riwaya majalada yameshang'oka, ila jioni watoto wanajaa mpaka wengine wanasomea barazani. Sasa tumepata mfadhili katuletea vishikwambi kumi vipya kwenye maboksi, sharti lake moja, vitumike kuazimisha vitabu vya elektroniki, visigeuke vya kuangalizia katuni. Tumekubali, lakini kwenye kamati hakuna hata mmoja anayejua hiyo kuazimisha yenyewe inakuwaje.

Nina binamu yangu yuko Minnesota kule Marekani, ana kadi ya maktaba ya mji wao, anafungua programu kwenye simu anaazima vitabu bure kabisa kajilaza kwenye kochi. Akanionyesha riwaya aliyokuwa anaitaka, imeandikwa nakala zote zimeazimwa, jiunge foleni, subiri wiki kadhaa. Wakuu hapo ndo nilipochoka. Kitabu cha karatasi naelewa, mtu kaondoka nacho Msata hajarudi, tunamsubiri. Lakini faili linaazimwaje likaisha?? Si unakopi tu, lako linabaki na mwenzio anapata lake? Foleni ya nini?

Alafu tukinunua kitabu kimoja mtandaoni tukakiweka kwenye vishikwambi vyote kumi kuna shida? Na binamu kasema yuko tayari kunipa namba ya kadi yake tuwe tunaazima kupitia kwake, hiyo imekaaje? Nijibuni kwa lugha ya kueleweka tafadhali.

Chuma_Ulete

Insha yote hii kwa vishikwambi kumi. Ingia Telegram kuna magrupu yana PDF za kila aina, pakua, jaza memori kadi, kazi imeisha. Nani atatoka Dar kuja kukagua Dunda

Binti_Ukutubi

@Chuma_Ulete mfadhili ndo atakagua, tena siku ya kwanza tu. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haijairuka Dunda.

Mtoa mada, mimi nasoma ukutubi, yaani kazi ya maktaba, hapo hapo kwenu kwenye chuo cha SLADS, kwa hiyo ni jirani yako. Swali la foleni sio la kitoto, hata darasani lilizua mabishano. Iko hivi: kitabu cha karatasi maktaba ikishanunua ni mali yake, itaazimisha mpaka kichakae, itakishona, ikichoka nacho itakiuza, mchapishaji hana neno maana hela yake alishachukua. Cha elektroniki kwa kawaida maktaba hainunui kitabu, inalipia leseni, yaani ruhusa ya kukitumia kwa masharti, ni kama kupanga fremu ya duka, biashara unafanya humo ila ukuta si wako na mkataba una tarehe ya kuisha. Na sharti la kawaida kabisa ni nakala moja msomaji mmoja. Ukilipia leseni tatu wanasoma watu watatu kwa wakati mmoja, wa nne anasubiri, hata kama faili lenyewe lingeweza kukopiwa mara elfu. Foleni imewekwa makusudi kwenye mkataba. Wachapishaji waliogopa kwamba kuazima kukiwa rahisi kuliko kununua, na mtu hata hatoki nyumbani, nani atanunua tena?

Faili nalo lina kufuli, linafunguka kwenye akaunti yako tu, na siku zako zikiisha (wengi wanaweka 7, 14 au 21) linajifunga lenyewe na kurudi kwa anayefuata. Ndo maana sofkopi haina faini ya kuchelewesha, utacheleweshaje?

Kadi ya binamu achana nayo. Maktaba zile zinaendeshwa kwa kodi za watu wa mji ule, kadi ni ya mkazi mwenyewe na masharti hayaruhusu kuigawa. Alafu kadi ina kikomo cha vitabu, watoto wa Dunda wakimaliza kikomo binamu naye anakosa cha kusoma.

Mbongo_Ohio

Binti kamaliza kila kitu, mimi naongezea upande wa hela. Niko Ohio nafanya kazi maktaba ya umma, sio mkutubi, napanga vitabu kwenye rafu na kuwasaidia wazee na simu zao, wengi wanakuja na swali hilo hilo la kwako mtoa mada, tena wanakuja wamekasirika.

Binamu yako nadhani anatumia Libby, ndo iliyoenea huku, ilitoka 2017 na ni ya OverDrive, kampuni ya Cleveland iliyoanza 1986 kabla intaneti haijaingia majumbani. Hao wako katikati, wachapishaji wanawapa vitabu na maktaba zinalipia leseni kupitia kwao. Sasa bei. Kitabu ambacho wewe unakinunua dola 15, maktaba inaweza kutozwa 55 mpaka 60, tena kwa miaka 2, ikiisha unalipa upya au kinafutika kwenye orodha. Fikiria riwaya moja inayopendwa, maktaba inataka nakala 20 ili foleni ipungue, piga hesabu mwenyewe.

Wachapishaji HarperCollins 2011 walikuja na mpya, leseni inaazimishwa mara 26 basi imekufa. Hoja yao ni kwamba ukiazimisha wiki mbili mbili mara 26 ni mwaka mzima, na eti kitabu cha karatasi nacho huchakaa. Kuna wakutubi wa Oklahoma wakarekodi vidio wakaonyesha vitabu vya karatasi vya kampuni hiyo hiyo, vimeazimwa kupita mara 26 na bado vizima kabisa. Nilicheka sana ile vidio. Wachapishaji wengine, Macmillan, nao Novemba 2019 wakasema kitabu kipya kila maktaba, hata iwe ya jiji zima, inapata nakala moja tu kwa wiki 8 za kwanza, maktaba nyingi zikagoma kununua kwao, Machi 2020 wakaliondoa sharti wenyewe.

Kuna mfumo wa pili unaitwa Hoopla, huo hauna foleni, kila mtu akiazima maktaba inakatwa hela hapo hapo. Tamu kwa msomaji ila mhasibu halali usingizi, ndo maana wanaweka kikomo kwa kila mtu kwa mwezi. Na kuazima vitabu vya maktaba kwenye Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu cha Amazon, ni kwa maktaba za Marekani tu, kwa hiyo mtu akikushauri ubadilishe vishikwambi mchukue Kindle kwa sababu hiyo, usimsikilize.

Mwambao_Dunda

Daah. Miaka miwili kinafutika? Kwahiyo mtu analipa mara nne ya bei na bado sio chake. Mfadhili anajua haya kweli au kaona vishikwambi vinapendeza kwenye picha tu.

Kuna jamaa kaniambia kuna maktaba ya bure ya dunia inaitwa Internet Archive unaazima kwa saa moja unarudisha, hiyo nayo ina leseni?

Binti_Ukutubi

Hiyo ndo iliwapeleka mahakamani. Wao hawakulipia leseni, walichukua kitabu cha karatasi wanachokimiliki, wakaskani, wakakiweka kile cha karatasi pembeni na kuazimisha ile skani kwa mtu mmoja mmoja, wakisema ni sawa na kuazimisha kitabu chenyewe. Wachapishaji walinung'unika muda mrefu ila hawakushtaki. Machi 2020 korona ilipofunga maktaba, jamaa wakaondoa foleni kabisa, kila mtu aazime anachotaka. Juni mwaka huo huo Hachette, HarperCollins, Wiley na Penguin Random House wakawashtaki, hukumu ya 2023 ikaenda kwa wachapishaji, rufaa nayo Septemba 2024 ikawa hivyo hivyo, na vitabu zaidi ya 500,000 vikaondolewa kwenye kuazimishwa. Mimi binafsi naona hoja yao ya mwanzo ya nakala moja msomaji mmoja ilikuwa na akili, ile ya kufungulia bomba ndo iliwapa wachapishaji sababu.

Vya zamani ambavyo hakimiliki imekwisha bado viko pale na unavisoma bila kuazima.

Na lile swali lako la kununua kimoja uweke kumi hatukulijibu. Ukinunua kwenye duka la mtandaoni umenunua kwa matumizi yako mwenyewe, kuazimisha umma ni ruhusa nyingine. Kwahiyo hapana.

Fundi_Ruta

Naona mnamtisha mtoa mada tu. Mkuu kwa ukubwa wa kimaktaba chako hizo Libby hazikuhusu, sahau. Tumia vitabu ambavyo wenyewe wameruhusu kusambazwa, viko vingi kuliko utakavyoweza kusoma. African Storybook wana hadithi za watoto zenye picha, za Kiswahili zipo za kutosha, unapakua, unachapisha, hata kutafsiri unaruhusiwa. StoryWeaver ya Wahindi hivyo hivyo. Vya kiada Taasisi ya Elimu wana Maktaba Mtandao yao, ingieni mle mkaangalie masharti. Kiingereza kuna Project Gutenberg, vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hakimiliki imekwisha, ila ni vya kizamani mno, mtoto wa darasa la tano hatakushukuru.

Bando usiliwaze. Chukua laptopu hata ya zamani, weka programu ya Calibre, ya bure, inapanga vitabu vyako na ina seva yake ndani, washa seva, unganisha na ruta yoyote hata isiyo na intaneti, vishikwambi vyote vinaingia kwenye brauza vinasoma. Ongeza na Kiwix, unapakua Wikipedia ya Kiswahili nzima mara moja tu ukiwa sehemu yenye waifai, baada ya hapo inafunguka bila mtandao. Umeme ukikatika vishikwambi vina chaji, laptopu ndo uangalie betri.

Kingine hakijasemwa hapa, kwako wewe kinachoazimwa ni kishikwambi. Usiruhusu kitoke nje ya chumba. Rejista ya daftari, jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, namba ya kishikwambi iandikwe nyuma kwa maka peni, na weka kava za mpira kabla hata hujaviwasha maana kioo kikipasuka bei yake utalia. Worldreader, shirika la kusomesha watu vitabu vya elektroniki, walianza 2010 kule Ghana kwa kupeleka Kindle mashuleni, sasa hivi wanategemea zaidi simu za watu wenyewe. Kifaa ni mzigo.

Mzee_wa_Jalada

Vijana mmeongea vizuri, mimi nimekaa kwenye biashara ya vitabu Dar miaka mingi nina neno kuhusu vitabu vya hapa kwetu. Hadithi za bure ni nzuri kwa wadogo lakini wa sekondari wanataka riwaya na tamthiliya zinazosomwa darasani, na hizo hazipo bure, zina wenyewe na wenyewe wanakula kwa hizo. Mtoa mada usizunguke kwenye makampuni ya Marekani, mwandikie mchapishaji wa hapa hapa moja kwa moja. Mwambie una vifaa kumi, haviunganishwi na mtandao, havitoki chumbani, unaomba bei ya kuweka kitabu fulani kwa miaka kadhaa. Wengine watakataa kwa sababu wameshaumizwa na hao wa magrupu aliowataja kijana pale juu, unakuta kitabu kimetoka mwezi huu mwezi ujao PDF inazunguka, imepigwa picha kwa simu kurasa zimepinda. Lakini mtu akija kistaarabu na karatasi yenye masharti anasikilizwa. Omba yaandikwe haya: idadi ya vifaa, muda, na muda ukiisha inakuwaje, faili linafutwa au linabaki. Hilo la mwisho ndo watu wanasahau.

Na mfadhili mwambie mapema atenge fungu la vitabu, asidhani akishaleta vifaa kazi imekwisha.

Chuma_Ulete

Mzee hapo kwenye kurasa kupinda umenigusa, nimesoma moja hivyo hivyo mpaka shingo ikauma

Mwambao_Dunda

Shikamoo mzee, nimekupata. Kamati tunakaa Jumamosi, nitawasomea huu uzi mzima. Kwa sasa naona tuanze na African Storybook kwa wadogo na hiyo Calibre, riwaya za sekondari tuandike barua kwa wachapishaji kama mzee alivyoelekeza. Binamu nimeshamwambia kadi abaki nayo mwenyewe.

@Fundi_Ruta laptopu tunayo moja ina Windows 7 inawaka kwa kusitasita, itafaa?

Fundi_Ruta

Calibre mpya haikubali Windows 7. Toa Windows uweke Linux ya Mint nyepesi, ni mfumo endeshi wa bure, ikiwa na ramu 4GB inatosha. Binti si yuko hapo hapo, akusaidie kupakua kwenye waifai ya chuo uhamishie kwa flashi.

Binti_Ukutubi

Waifai ya chuo ndo hiyo mnaisikia. Nitajaribu usiku, kuanzia saa tano huwa inafunguka kidogo. Flashi iwe ya GB 32, mtoa mada nicheki inbox.