Gego la mama: lizibwe au ling'olewe?

Binti wa Hombolo:
Mama yangu analima zabibu. Gego lake la chini limetoboka. Punje ya mtama ikiingia anashika shavu, machozi yanamtoka. Zahanati wamesema ling'olewe. Ameshang'olewa matatu, naumia sana. Haliwezi kuzibwa?

Tabibu wa meno, Dodoma mjini:
Pole dada. Je, linamuuma akila tu, au hata usiku linauma lenyewe? Likiuma lenyewe, huenda kiini, yaani sehemu laini ya ndani ya jino yenye neva, kimeathirika. Kuziba pekee hakutatosha.

Binti wa Hombolo:
Nimempigia. Usiku analala vizuri. Anaogopa mlio wa mashine.

Tabibu wa meno, Dodoma mjini:
Basi aje mapema. Kuna njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, kisha kuziba kwa glasi ayonoma, dawa ya kuzibia inayoshikamana na jino. Ilianzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980! Tundu likiwa dogo, kizibo hudumu zaidi.

Binti wa Hombolo:
Jumatatu nakuja naye.