Kadi A, AESS na krediti 54: komini imenirudishia dosie

Kutoka: Mwana-Kadutu (Liège)

Jambo kwenu wote,

Dosie yangu ya kuongeza muda wa kadi A (kibali changu cha kukaa Ubelgiji kama mwanafunzi) imerudishwa leo dirishani pa komini. Nimemaliza master ya uchoraji kwenye ESA (shule ya juu ya sanaa), finalite approfondie, yaani njia ya utafiti, na nimejiandikisha AESS, masomo ya ualimu wa sekondari, kwenye shule ileile ili niweze kufundisha. Mtumishi wa komini anasema AESS ina krediti 30, sheria inadai 54, kwa hiyo mimi si mwanafunzi tena. Shule inasema AESS ni masomo kamili na nisihangaike. Kadi inaisha 31 Oktoba.

Nauliza hivi: kati ya shule na komini, nani anasema kweli? Na kama komini ndiyo yenye haki, nitafute masomo mengine nifikishe 54, ama niombe mwaka wa kutafuta kazi na AESS niifanye humohumo ndani?

Kutoka: Yaya wa Nyawera (Namur)

Mdogo wangu, pole. Kwanza tuelewane: komini haiamui. Inapokea na kutuma kwa OE (ofisi ya wageni ya Ubelgiji), na OE ndiyo inayokata neno. Mtumishi akikataa kupokea, mwombe aandike sababu kwenye karatasi, tarehe na muhuri. Mara nyingi hapo dosie inapokelewa.

Peleka tena, na mara hii weka yote pamoja: fomu ya OE ya maendeleo ya masomo iliyojazwa na sekretarieti ya shule, orodha ya alama za master nzima, cheti cha mutuweli (bima ya afya), pasipoti, aneksi 32 mpya (ahadi ya mdhamini wako ya kukutunza) na fiche zake za mshahara. Aneksi iliyotolewa kwa mwaka jana peke yake haifai tena. Juu ya hayo ongeza barua ya shule. Shule nyingi zinaandika tu kwamba fulani ameandikishwa kihalali, OE inaona 30, inafunga. Barua iseme wazi kwamba programu nzima ya AESS ni krediti 30 na hakuna nyingine za kuongeza, kwamba inafanyika katika mwaka mmoja wa masomo, na kwamba staji (mazoezi ya kufundisha) ziko mchana.

Sheria ya 15/12/1980, kifungu cha 58, inataja 54, ndiyo, lakini inakubali pungufu kwa mwaka wa kumalizia masomo. Hoja yako isimame hapo. Na usingoje mwisho wa mwezi: siku 15 kabla ya kadi kuisha dosie iwe imekwisha kuingia, kisha uombe aneksi 15, karatasi ya muda ya kukufunika wakati OE haijajibu.

Kutoka: Papa Katuba (Lille)

Yaya wa Nyawera, usimpe mtoto matumaini ya bure. Mwaka wa kumalizia ni wa master, na master ameshamaliza. AESS ni diplomi nyingine. OE inaweza kusoma kifungu hicho kwa upande huo na itakuwa na maneno yake.

Kosa liko nyuma zaidi, na wanaokuja walisikie: anayejua kwamba atafundisha achukue finalite didaktiki, njia ya ualimu, tangu master 1. Krediti 30 za ualimu zinakuwa ndani ya zile 120, unatoka na master na haki ya kufundisha kwa mpigo mmoja, na hakuna ugomvi wa 54. Approfondie ni nzuri kwa anayeelekea kwenye doktora.

Huku Ufaransa ni mbaya kwa namna nyingine. Watu wanafika na DNSEP, diplomi ya shule za sanaa za Ufaransa, mkononi wakidhani ni karatasi ya ualimu. DNSEP ni ngazi ya master, miaka 5, lakini haikupi darasa. Mlango wa shule ya Leta (ya serikali) ni CAPES ya sanaa, mtihani wa kuajiri walimu, na CAPES ya «externe», ya wasio waajiriwa bado, inataka uraia wa Ulaya. Mwenye pasipoti ya Kongo anabaki mwalimu wa mkataba, mwaka kwa mwaka, hadi apate uraia. Chuo kikuu chenyewe hakiangalii uraia kwa wahadhiri wake. Na wakati wa masomo ni saa 964 za kazi kwa mwaka, usizidishe hata moja, préfecture, ofisi inayotoa vibali vya kukaa, inahesabu.

Kutoka: Yaya wa Nyawera (Namur)

Papa, heshima yako, lakini ameuliza Ubelgiji. Ufaransa tumeisikia kila mwaka.

Nijibu sehemu ya pili ya swali lake, kwa sababu hapo ndipo watu wanajifunga kamba wenyewe. Mwaka wa kutafuta kazi ni miezi 12, hauongezwi. Unaombwa kabla kadi haijaisha, siku 15 zilezile, pamoja na diplomi au cheti cha muda cha kufaulu, mutuweli, na ushahidi wa pesa za kuishi. Uzuri wake: kadi inaandikwa soko la kazi bila mpaka, unaweza kukubali saa zozote popote bila mwajiri kukuombea kitu.

Ubaya wake ni hesabu ya miezi. Ukiuanza Novemba na kusoma AESS humo, staji zinakula asubuhi zako hadi Mei, matokeo yanatoka Juni, shule zinagawa saa kati ya mwisho wa Agosti na Septemba, na kadi yako inakufa muda mfupi baadaye. Umeuchoma mwaka mzima darasani. Kisha inakuja permi unik (kibali kimoja cha kazi na kukaa), ambayo mwajiri ndiye anayeiomba kwa mkoa, na mkoa unaangalia mshahara. Kwenye ESAHR (shule za sanaa za saa chache, nje ya shule ya kawaida) kazi kamili ni vipindi 24 kwa juma. Mgeni haanzi na 24. Anaanza na 4 au 6 za kumshikia nafasi mwenzake aliye mgonjwa. Kwa vipindi 6 mshahara haufiki popote panapotakiwa.

Lakini kufundisha bila AESS nako kuna bei. Mwenye master ya sanaa na ualimu ana TR (cheti kinachotakiwa), anapita mbele. Wengine ni TS (cheti kinachotosha) au TP (cheti cha wakati wa upungufu wa walimu), na shule lazima ionyeshe kwamba haikupata TR kabla ya kuwachukua. Mjini Bruxelles, ambako wachoraji wamejaa, foleni ya TR peke yake ni ndefu.

Kutoka: Mtu wa Himbi (Montréal)

Naongeza ya huku, kwa wanaopima nchi. Québec unahitaji CAQ, cheti cha kukubaliwa na Québec, kwanza, kisha permi ya masomo ya Kanada. Wanaogeuza mpangilio huo wanapoteza muhula. Kufundisha shule ya msingi na sekondari kunataka brevet (leseni ya ualimu), na mwenye elimu ya nje anapitia staji ya majaribio ya saa 600 hadi 900. Shule ikikosa mwalimu inaweza kuombewa tolerans, ruhusa ya muda ya kumwajiri asiye na brevet. Cégep, chuo kilicho kati ya sekondari na chuo kikuu, haitaki brevet kabisa: master ya fani yako inatosha kuomba. Kwa mchoraji hiyo ndiyo njia iliyo wazi zaidi, na sielewi kwa nini watu wetu hawaizungumzii.

Kwa vyuo vikuu vya Marekani, diplomi ya mwisho ya msanii ni MFA (master ya sanaa), miaka 2 au 3. Hakuna anayekudai doktora ili ufundishe uchoraji. Ila OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, kwa uchoraji ni miezi 12 tu, ile nyongeza ya 24 ni ya sayansi na ufundi.

Kutoka: Mwana-Kadutu (Liège)

Asanteni wakubwa. Lakini bado: 30 hizi za AESS zinahesabiwa kuwa mwaka wa kumalizia au hapana? Kuna mtu ambaye OE imemjibu kwa maandishi?

Kutoka: Mama Kamalondo (Bruxelles)

Binti yangu, wakati dosie inatembea, tayarisha staji. Saa za baadaye zinapatikana pale mkurugenzi anapokuona ukifundisha, kwa hiyo chukua somo ambalo wenzako hawana. Sisi tunalo: kazi za atelier (karakana ya wachoraji) ya Lubumbashi. Bela, mmoja wa wachoraji wake, alichora kwa vidole, bila brashi. Watoto wa miaka 8 hadi 11 wanaliingia mara moja.

Vipindi 2 vya dakika 50, watoto 12. Karatasi A3 ya gramu 200. Ya 120 inajikunja. Kipindi cha kwanza ni mandhari ya nyuma: gouache (rangi ya maji isiyopenya mwanga) ya rangi moja nzito, bluu ya usiku au kahawia, inayofunika karatasi yote. Ikauke dakika 20 hivi, na hapo ndipo unapowaonyesha picha na kuwauliza wanaona nini kabla ya kuwaeleza lolote. Kipindi cha pili ni nukta. Kila mtoto rangi 3 na nyeupe, kijiko kimoja kimoja cha chai, kwenye sahani. Gouache iwe na uzito wa maziwa ya mgando. Ikiwa nyepesi, nukta zinashikana na samaki anageuka tope, na watoto wataongeza maji tu kama kikombe kiko karibu, basi usiweke kikombe mezani. Kidole kimoja rangi moja, na kitambaa kibichi kwa kila watoto wawili. Waanze na mwili wa mnyama, nukta kubwa, kisha ukingo kwa ncha ya kidole kidogo, na nyeupe iwe ya mwisho kabisa. Akianza na nyeupe atachafua zote.

Kwenye karatasi yako ya matayarisho andika vigezo ambavyo mtoto mwenyewe anaweza kuviona: nukta hazikushikana, ukubwa umebadilika angalau mara mbili, mnyama anatambulika kwa mbali. Wasimamizi wa staji wanachukia kigezo kama «ubunifu» kisicho na kipimo, na ni haki yao.

Kutoka: Papa Katuba (Lille)

Mama, somo ni zuri, lakini usiwafundishe Wabelgiji kwamba Bela ni mwana Katanga. Bela alitoka upande wa Chad. Wa kwetu ni Pilipili Mulongoy, samaki na ndege, na Mwenze Kibwanga wa mistari iliyolala pamoja. Na atelier si Akademia: Romain-Desfossés alifungua atelier yake Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1946, Moonens akaanzisha Akademia mwaka 1951, na baada ya kifo cha wa kwanza, 1954, wachoraji wake wakaingia kwa wa pili. Vitu viwili tofauti.

Inaniuma tu kwamba mtoto wa Liège atawajua hao kabla ya mtoto wa komini ya Kenya au ya Ruashi, palepale Lubumbashi. Lubumbashi ina Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tangu 2008, na shule za Leta palepale hazina gouache. Pesa za shaba zinapita barabarani usiku na mchana, malori kwa malori.

Kutoka: Mtu wa Himbi (Montréal)

Papa, nyinyi wa Lubumbashi angalau mna uwanja wa ndege. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na tangu hapo kijana mwenye kipaji anaanza safari yake na ukuta. Banki za Goma zilifungwa, pesa za minervali (ada ya shule) zinapitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Karatasi zote bado zinataka Kinshasa.

Kwa wazazi walioko kule, tafadhalini muwafikishie haya. Diplomi ya Leta isitiwe plastiki ya moto. Ikishafungwa humo hakuna muhuri unaoingia. Kongo haimo kwenye mkataba wa apostille (muhuri mmoja unaokubalika nchi nyingi), anayewauzia «apostille» anawaibia. Njia ni ileile ndefu: wizara ya elimu, wizara ya mambo ya nje, kisha ambasade ya nchi mnayoendea, na anayezipeleka awe na prokura (barua ya kumpa mamlaka) iliyoandikwa jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Majina kwenye diplomi, pasipoti na cheti cha kuzaliwa yalingane herufi kwa herufi. Postnom (jina la pili la Kikongo) iliyorukwa inarudisha dosie nzima. Ekivalansi (kutambuliwa kwa diplomi ya sekondari) ya Fédération Wallonie-Bruxelles, upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa, inafunga 15 Julai, na kwa mtu anayetoka Bukavu leo hiyo maana yake ni kuanza karatasi tangu Januari.

Kutoka: Kijana wa Muhumba (Bukavu)

Jambo wakubwa. Nafuata orodha hii kutoka Bukavu. Nataka kuingia ESA mwaka ujao. Mtihani wa kuingia unaangalia nini, na turubai nizibebeje?

Kutoka: Mama Kamalondo (Bruxelles)

Karibu, mwanangu. Mitihani ya kuingia mingi iko mwisho wa Agosti na Septemba, kwa hiyo viza lazima itangulie. Jury inataka kuona unavyofikiri, usilete picha nzuri peke yake. Kazi 15 hadi 20 zinatosha, nusu yake ziwe za mwaka huu. Leta daftari zako za michoro na makosa yake yote. Mwenye turubai safi bila daftari anaulizwa maswali magumu, maana jury haioni zimetoka wapi.

Picha za kazi zipige nje kivulini, asubuhi, bila flashi. Kamera iangalie katikati ya turubai na isiinamishwe, la sivyo pembe zinapinda. Weka karatasi nyeupe kando ya kazi, utarekebishia rangi hapo, kisha uikate. JPEG, upande mrefu pikseli 2000, na kila moja iandikwe jina, mwaka, vifaa, urefu wa kwenda juu kwanza ndipo upana, kwa sentimita.

Turubai usizibebe zote. Chukua 3 au 4, uzitoe kwenye fremu. Zizungushe kwenye bomba, upande wa rangi ukiwa nje. Wengi wanafanya kinyume wakidhani wanailinda, na rangi inabanwa hadi inajikunja vijikunyanzi. Bomba liwe na kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, na kati ya tabaka weka karatasi ya silikoni ya jikoni. Plastiki inanata, gazeti linaacha wino. Rangi ya mafuta iliyo nene, kama ukiibonyeza kwa ukucha inaingia, iache nyumbani, picha yake inatosha. Akriliki nayo inakuwa ngumu kwenye baridi, na ndani ya ndege kule chini ni baridi: ukifika, bomba lilale chumbani siku nzima kabla ya kulifungua, ama rangi itapasuka mikononi mwako.