Shule inasema mtoto anayetapika akae nyumbani, kisha inamwandikia barua ya utoro. Nimechoka!

Wazazi wenzangu, na walimu mliomo humu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Hapa mezani nina barua mbili. Zimetoka shule moja, muhuri ni mmoja na saini ni ya mtu mmoja. Ya kwanza ililetwa mwezi uliopita: kuna ugonjwa wa kutapika na kuharisha darasani, wazazi tunaombwa mtoto asirudi shule mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika au kuharisha mara ya mwisho. Ya pili nimeipokea juzi. Inasema mahudhurio ya binti yangu yameshuka hadi asilimia 90, kwamba hali hiyo "inatia wasiwasi", na kwamba nisipoirekebisha nitaitwa kwenye kikao nijieleze.

Nijieleze kwa lipi? Kwa kutii barua ya kwanza?

Ngoja niwahesabie. Tangu muhula uanze watoto wamesoma siku 60. Binti yangu amekosa sita. Siku tatu za kwanza ni za huo ugonjwa wa kutapika: alianza usiku wa kuamkia Jumanne, akatapika mara ya mwisho Jumanne saa nane mchana, kwa hiyo saa 48 zikaisha Alhamisi saa nane mchana, masomo yakiwa yanaelekea mwisho. Akarudi Ijumaa. Siku tatu za pili ni za homa, kipimajoto kilifika 38.9. Mwongozo wa wazazi wa shule hiyohiyo unasema mtoto asirudi mpaka akae saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Nikafuata. Tatu na tatu ni sita, sita katika 60 ni asilimia kumi. Kumbe mtoto akiugua mara mbili tu katika muhula, maradhi ya kawaida kabisa ya utoto, na mzazi akafuata maagizo ya shule neno kwa neno, tayari ameingia kwenye orodha ya watoro. Kosa langu ni lipi hapo?

Sasa niwaambie ule ugonjwa wa kutapika ulivyoingia darasani, maana hapo ndipo damu inaponichemka.

Jumatatu asubuhi mtoto mmoja alitapika karibu na dawati lake, somo likiwa linaendelea. Matapishi yakafutwa kwa tambara, watoto wakapitishiwa chupa ya kitakasa mikono, wakaambiwa waendelee kusoma. Basi. Magonjwa ya namna hii mara nyingi huletwa na norovirusi, na virusi hivyo havijali sana spiriti ya kitakasa mikono. Vinataka mikono ioshwe kwa maji na sabuni, na sakafu na dawati vipigwe dawa ya klorini. Chembe chache mno zinatosha kumwambukiza mtu, na dalili hujitokeza kati ya saa 12 na 48. Usiku uleule binti yangu akaanza. Kufika Jumatano watoto kumi na mmoja hawakuwepo darasani, na mwalimu wao pia alikuwa kitandani. Waliobaki wazima wakahamishiwa darasa la jirani, wakabanana watatu watatu kwenye dawati moja, hadi wiki ikaisha bila somo la maana. Mtoto mmoja aliletwa ili mahudhurio yasishuke, darasa zima likapoteza wiki.

Mama wa yule mtoto alikuja kutuomba radhi akilia. Alijua mwanawe ametapika alfajiri. Lakini alikuwa na barua mbili za onyo tayari, na yeye analipwa kwa siku, asipokwenda kazini siku hiyo haina pesa. Akampa mtoto maji, akamfuta uso, akamleta. Mimi sina neno na mama yule. Naapa sina. Sheria ilimweka mahali ambapo kumleta mtoto mgonjwa kulikuwa salama kwake kuliko kumwacha nyumbani apumzike, na kila mzazi aliyewahi kuamshwa alfajiri na mtoto mgonjwa anajua hesabu anayoipiga mtu saa ile.

Na tusidanganyane kuhusu dawa za asubuhi. Wengi tumefanya, wengi tumeona. Mtoto ana homa, anapewa parasetamoli saa kumi na mbili na nusu, inashuka, uso unachangamka, anavalishwa sare. Dawa ile inafanya kazi kwa saa nne hadi sita hivi, haiui virusi, inashusha joto tu. Ndiyo maana simu ya ofisi ya shule hulia saa tano: "Mzazi, njoo umchukue, mtoto anachemka." Kuanzia asubuhi mpaka saa tano amekohoa, amechangia kalamu, amekaa bega kwa bega na wenzake thelathini au arobaini. Na kwenye daftari la mahudhurio mtoto huyo amewekewa alama ya YUPO. Wangu, aliyelala nyumbani na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, ndiye aliyewekewa alama nyekundu.

Kisha kuna suala la cheti cha daktari. Niliwapigia simu. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Mzazi, kwani ulileta cheti cha daktari?"

"Mwalimu, mtoto alitapika, nikampa maji ya chumvi na sukari ya pakiti kidogo kidogo, akapona. Hapakuwa na sababu ya kumpeleka hospitali."

"Bila cheti tunaandika hana ruhusa. Kwenye mfumo inasomeka utoro."

Utoro! Mtoto wa miaka minane, amelala na ndoo kando ya kitanda, mtoro! Mtoro ni yule anayeaga nyumbani asifike shuleni. Mimi nilipiga simu Jumanne saa moja asubuhi, kabla kengele haijalia, nikamweleza mtu wa ofisi jina la mtoto, darasa na ugonjwa.

Na hicho cheti mnataka nikipateje? Maradhi mengi ya watoto yanaisha yenyewe nyumbani kwa maji, kulala na uangalizi. Daktari anahitajika mtoto akikauka mdomo, akipitisha saa nyingi bila kukojoa, akilegea na kuwa mgumu kuamka, akitoa damu kwenye choo, akipumua kwa shida, au homa ikigoma kushuka. Hapo usisubiri, nenda. Lakini kumbeba mtoto anayetapika, nikae naye kwenye benchi saa tatu katikati ya vichanga na wajawazito, ili tu daktari aandike kwenye karatasi kile nilichokwisha kusema kwa simu? Nitakuwa nimesambaza ugonjwa hospitali nzima, nimemnyima nafasi mgonjwa mwenye shida kweli, na nimelipia. Hata Uingereza, ambako wazazi hutozwa faini mtoto akikosa shule bila ruhusa, mwongozo wa serikali unaziambia shule zisidai ushahidi wa daktari kwa kila ugonjwa, isipokuwa pale penye shaka ya kweli. Sisi shaka inaanza na kila mzazi, kila mara.

Simtetei mzazi mzembe. Mtoto anayekosa shule hovyo anaachwa nyuma, hilo halina ubishi, na mafua madogo ya kamasi bila homa si sababu ya kulala nyumbani. Watoto wadogo hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, tukiwafungia kila pua inapochuruzika hawatasoma kabisa. Lakini ugonjwa una kalenda yake, haujui asilimia za ofisi. Tetekuwanga inaambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele mpaka vyote vikauke na kufanya magamba, kwa kawaida siku tano au zaidi. Surua inaambukiza siku nne kabla ya vipele na siku nne baada yake, na virusi vyake vinaweza kubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Watu kumi wasio na kinga wakikutana nayo, tisa wataipata. Kifaduro kisipotibiwa mtoto anaweza kuambukiza wenzake hadi wiki tatu, akianza dawa sahihi anahitaji siku tano. Wiki tatu ni siku 15 za masomo. Katika hizo 60 ni robo nzima! Mzazi wa mtoto huyo ataitwa vikao vingapi? Na nyumbani kwa wale wanafunzi wenzake kuna vichanga ambao kifaduro kinaua, kuna bibi na babu, kuna mtoto anayetibiwa saratani ambaye tetekuwanga kwake si ugonjwa wa kujikuna na kupona.

Hatukujifunza kitu mwaka 2020? Shule zilifungwa karibu dunia nzima, wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu wakakaa nyumbani. Tuliimbiwa kila siku: ukijisikia vibaya baki nyumbani, unamlinda mwenzako. Walimu haohao walibandika matangazo hayo getini. Leo matangazo yamebanduliwa, na mahali palepale pamebandikwa chati ya mahudhurio ya kila darasa.

Hiyo chati ndiyo inayoniuma kuliko barua. Kila mwisho wa mwezi darasa lenye mahudhurio kamili linapewa zawadi, na kila mwisho wa muhula watoto wasiokosa hata siku moja wanaitwa mbele kupewa vyeti. Mtoto anapewa cheti kwa sababu hakuugua. Mwenye pumu, mwenye selimundu, mwenye kifafa, huyo ataitwa lini? Anakaa chini kila mwaka akipiga makofi. Na wala hayo mambo hayasaidii. Marekani watafiti waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 15,000 kuhusu tuzo za mahudhurio: kuahidiwa tuzo mapema hakukuongeza mahudhurio, na waliotuzwa kwa mwezi uliokwisha kupita walikosa shule zaidi baadaye. Kwa hiyo tunawaumiza watoto wagonjwa kwa kitu ambacho hata kazi yake hakifanyi.

Jana usiku ndipo nilipoamua kuandika. Nilisikia maji bafuni saa sita. Nikakuta binti yangu amesimama gizani anafua blauzi yake ya kulalia kwa mikono, anatetemeka. Alikuwa ametapika, akajifuta mwenyewe, akaficha taulo chini ya kitanda. Nikamuuliza, mwanangu, mbona hukuniita? Akasema, "Baba, usiwaambie shuleni. Darasa letu limebakiza siku mbili tupate zawadi. Mara ile walisema mimi ndiye niliwakosesha."

Miaka minane. Amekwisha kujifunza kuuficha ugonjwa wake, hata kwa baba yake. Na mtoto anayeficha kutapika leo, kesho ataficha maumivu ya kifua, ataficha damu, na sisi tutajua tukiwa tumechelewa.

Ninachodai si kikubwa. Siku ambazo shule yenyewe imeagiza mtoto akae nyumbani zisihesabiwe dhidi yake. Simu ya mzazi iliyopigwa asubuhi ipokelewe kama taarifa halali kwa siku tatu za kwanza, cheti kidaiwe ugonjwa ukiendelea au penye shaka ya kweli. Neno utoro liondolewe kwenye jina la mtoto aliyekuwa mgonjwa. Zawadi za mahudhurio zifutwe, zote. Na kuwe na sabuni na maji ya kutiririka karibu na kila darasa, maana chupa ya kitakasa mikono haitoshi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Anayesema mtoto wangu ni dhaifu nampa jibu moja: kuugua mara tatu katika muhula kwa mtoto wa umri wake ni kawaida, muulize daktari yeyote wa watoto. Mwalimu aliyeandika kwamba na wao wanabanwa kutoka juu kwa takwimu hizohizo, nakuamini, na nakushukuru kwa kusema wazi. Ila barua inayofika kwangu ina saini ya mkuu wenu, haina saini ya huko juu.

Leo asubuhi nimekwenda na barua zote mbili. Nimeziweka mbele ya mwalimu mkuu sambamba. Amezisoma, amekaa kimya kidogo, akasema, "Mzazi, mfumo ndio unaohesabu hivyo." Nimemwomba aniandikie sentensi hiyo kwenye karatasi yenye muhuri. Hajaandika. Nimemwachia barua yangu, nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa, na wazazi saba wa darasa letu wamekubali kuongeza saini zao Jumatatu. Mama yule aliyekuja kutuomba radhi ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Binti yangu yuko nyumbani. Ametapika mara ya mwisho leo Jumatano saa kumi na moja alfajiri, nimeandika saa kwenye daftari. Leo haendi, kesho haendi, Ijumaa atarudi. Siku alizokosa zitakuwa nane. Waandike.