Operesheni Vijiji hapa Dodoma, wazee wetu walipata au walipoteza?

Mjukuu wa Chamwino: Wakuu habari za jioni. Juzi bibi alikuwa ananisimulia Operesheni ya Mwalimu Nyerere, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, wametolewa kwenye tembe lao kule porini wakapakiwa kwenye lori na vinu na vibuyu, jiwe la kusagia uwele likabaki maana lori lilishajaa, na mpaka leo anakuonyesha kwa kidole upande lilikobaki. Inamuuma kweli. Lakini bibi huyohuyo anajisomea Biblia mwenyewe, kisomo cha watu wazima alikipata hapahapa kijijini. Sasa ile sera ilitusaidia au ilituumiza?

Ticha wa Historia: Mkuu, andiko la Ujamaa Vijijini la 1967 lilitaka watu washawishiwe, sio walazimishwe. Dodoma tulianza mapema, 1971, sababu ya ukame na njaa, na Mwalimu mwenyewe alikaa hapo Chamwino akifyatua matofali na wananchi. Amri ilikuja Novemba 1973, mwisho 1976 kila mtu awe kijijini. Hapo ndo yakaharibika, watendaji wa chini wakawa wanakimbizana na idadi.

Mzee wa Mvumi: Kaya za Kigogo zilikaa mbalimbali kwa sababu, vijana. Ng'ombe wanalala nyumbani, samadi inaingia shamba la jirani na nyumba, uwele unakubali. Mkishakusanywa mamia ya kaya sehemu moja majani yanaisha, kuni zinaisha, shamba liko mbali mpaka ufike jua limeshakuwa kali na samadi huwezi kuibeba kichwani. Hakuna aliyetuuliza. Hilo mimi sijalisamehe.

Mama Wawili: Shikamoo mzee, pole sana. Ila mimi naongea kama mtoto wa kike. Ada za msingi zilifutwa 1973, 1977 ikaja UPE kila mtoto aende shule, na mama yangu ndo wa kwanza kwao kushika kalamu kwa sababu darasa lilikuwa hapo karibu, dada zake wakubwa walishaolewa. 1967 wanaojua kusoma walikuwa kama theluthi ya watu wazima, katikati ya miaka ya 80 serikali ikahesabu tisa kati ya kumi. Zahanati nayo je, ungeijenga wapi watu wametawanyika vile?

Mzee wa Mvumi: Marahaba mwanangu. Shule sikatai, wanangu wamesoma. Nasema wangetuuliza pa kuiweka.

Mjukuu wa Chamwino: Asanteni sana, mzee shikamoo. Nimemsomea bibi yote, kanyamaza kidogo kisha akasema huyo mzee anajua samadi. Jumamosi nampeleka kule kwa bodaboda, kuna mbuyu anaukumbuka, tukilikuta jiwe naweka picha hapa.