Enka kuteguka uwanjani: tupeane uzoefu, mguu unavutwa au hauvutwi?

Beki_Kushoto: Wakuu, ndondo imeanza na enka zinateguka kila wiki. Wenye ujuzi shusheni.

Fizio_Ukingoni: Kagua mfupa kwanza. Bonyeza ukingo wa nyuma wa kifundo, wa nje na wa ndani, kuanzia ncha kupanda sentimita 6. Bonyeza pia mfupa uliochomoza ubavuni mwa wayo upande wa kidole kidogo, na ule wa juu ya uvungu wa wayo, upande wa ndani. Akiumia hapo hapo kwenye mfupa, au akishindwa kupiga hatua 4, apigwe eksirei. Ni kanuni ya Ottawa, Kanada, ya mwaka 1992.

Kocha_Ndondo: Naunga mkono.

Mchuaji: Mnachelewesha watu. Maji ya moto, achuliwe usiku uleule.

Fizio_Ukingoni: Hapana kabisa! Mguu ukipinda kwa ndani, ligamenti (utepe unaofunga mfupa na mfupa) ya mbele upande wa nje ndiyo huchanika kwanza, damu inavujia ndani. Ukichua na kupasha moto unaongeza uvimbe. Funga bandeji kuanzia karibu na vidole kupanda, inua mguu juu ya usawa wa moyo. Barafu dakika 10 hadi 15, kitambaa katikati.

Kocha_Ndondo: Barafu hupunguza maumivu tu, haiponyeshi.

Winga_7: Kinachotisha ni wanaovuta. Kijana yuko chini analia, wanne wamemkandamiza, wa tano kashika kisigino anavuta hadi kilie. Kumbe mfupa umevunjika! Kipande kikisogea kinaweza kubana mshipa wa damu, vidole vinapauka na kuwa baridi. Acheni! Funga boksi gumu pande zote mbili, mguu ubaki ulivyo, hospitali mara moja.

Beki_Kushoto: Daah. Vidole viangaliwe kila mara njiani.

Mikono_Miwili: Osteopathia, yaani tiba ya viungo kwa mikono, ina nafasi yake, ila uvimbe ukishashuka. Elekeza vidole ukutani, goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, rudisha mguu nyuma hadi mwisho wa uwezo, kisha pima kidole gumba hadi ukutani. Linganisha miguu yote miwili. Umbali wa ulioumia ukipungua sentimita kadhaa, kiungo kimekaza: mtaalamu husukuma taratibu mfupa ulio juu ya kisigino urudi nyuma.

Mchuaji: Si kuchua huko huko?

Mikono_Miwili: Hapana, huku hakuna kuvuta kwa kishindo, na mfupa umeshakaguliwa. Tena mikono peke yake haitoshi. Simama mguu mmoja sekunde 30, halafu fumba macho. Ligamenti ikichanika, mguu hupoteza hisia ya mkao, ndiyo maana enka ileile hurudia.

Kocha_Ndondo: Timu nzima ifanye FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili ya kuzuia majeraha, dakika 20 hivi, angalau mara 2 kwa wiki.

Winga_7: Na mashimo ya uwanja yafukiwe.