Jiko lenye leseni: kukodi Nyali, kukodi Kongowea au kujenga uani?

BintiTudor: Assalaam aleikum. Niko Mombasa, nataka kuitoa biashara yangu ya chakula jikoni kwangu kabla ya Ramadhani, na njia ni tatu: kukodi usiku jiko la mkahawa wa Nyali lenye leseni tayari, kuchukua chumba kitupu karibu na soko la Kongowea, au kukarabati banda la uani kwetu. Ipi ina nafuu?

Kibarazani: Waaleikum salaam, dada. Hujasema unapika nini wala unamuuzia nani. Viazi karai vya jioni havina masharti sawa na bidhaa iliyofungwa ya supamaketi, ambayo hudaiwa alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

MpwaWaKisauni: Kongowea, bila shaka. Mihogo na maembe viko hapo hapo.

MamaKaimati: Jiko la kushirikiana nimelionja. Leseni ya usafi wa chakula hutolewa kwa mtu na kwa jengo lake, lakini mwenye mkahawa alinihakikishia kuwa yake ingetufunika sote. Bwana afya alipotukuta asubuhi hatujafunga, aliomba leseni yenye jina langu na vyeti vya afya vya wasaidizi wangu, vile vya kupimwa kila miezi sita; vyeti vilikuwepo, jina halikuwepo, na unga uliokandwa ukaachwa hadi ukachacha. Isitoshe, kaimati zilikuwa zikinuka samaki, kwa kuwa mafuta tulikuwa tukichangia. Kodi sikurudishiwa.

BintiTudor: Pole, mama. Ni achari ya embe na kachri (krispi) za muhogo, za kupeleka supamaketi.

Kibarazani: Basi Nyali iondoe, kwani KEBS hukagua mahali penyewe pa kutengenezea na kuchukua sampuli. Banda je, lina mlango wake, sinki na maji?

MpwaWaKisauni: Maji ya kisima yanatosha. Achari yenyewe si chumvi?

MamaKaimati: Mwanangu, chumvi ya achari hupimwa, ya kisima haipimwi, na maji ya mkokoteni hujui yametekwa wapi. Anahitaji tangi na maji ya mfereji.

MpwaWaKisauni: Mfereji ambao hukauka wiki nzima?

BintiTudor: Kisima chetu ni cha chumvi, na banda halina mlango wa nje. Mwenye chumba cha Kongowea anataka jibu Ijumaa.

Kibarazani: Usilipe kabla bwana afya wa eneo hilo hajakitazama, hasa mfereji wa maji machafu. Kodi yake ni kiasi gani? Hilo nalo hujalisema.