Nimekosa kumzika baba yangu, kiti changu cha ndege ya Mafia kilipewa mabegi ya wageni

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa Mbagala, nimerudi jana kutoka Kilindoni, mjini kwetu kisiwani Mafia. Leo ni siku ya sita tangu baba yangu mzazi azikwe, na mimi mwanawe wa kwanza wa kiume sikuwepo kaburini. Sikuchelewa kuamka wala sikukosa nauli. Nilikuwa na tiketi iliyothibitishwa mkononi.

Baba mdogo alinipigia alfajiri. "Mwanangu, baba yako hatunaye. Tulipanga adhuhuri, lakini tutakusogezea mpaka alasiri uwahi." Kwetu maiti haikai, mnajua. Kusogeza mpaka alasiri ni heshima kubwa waliyonipa. Saa 1 asubuhi nikawa nimeshalipia kiti kwa simu, ndege ya saa 4. Saa 2 nilikuwa Jengo la Kwanza la abiria pale Kiwanja cha Julius Nyerere, lile la zamani zinakorukia ndege ndogo. Safari ya kwenda Mafia ni kama nusu saa tu, na dakika chache juu yake. Kwa hesabu hiyo saa 5 ningekuwa nyumbani, nimuoshe baba yangu, nimsalie, niteremke kaburini kumpokea.

Tukapimwa. Kwenye zile Cessna Caravan unapimwa wewe na begi lako, na hilo mimi sina ugomvi nalo. Ni ndege ya injini moja, inabeba watu kama kumi na wawili, uzito ukizidi rubani haruki, na asiruke. Begi langu lilikuwa na kanzu mbili na sanda, kilo 4. Mbele yangu walikuwa wageni wanane wanaokwenda kupiga mbizi, wana mabegi makubwa ya vifaa, mengine ya magurudumu, wakati tiketi yangu mimi imeandikwa kilo 15 na begi laini.

Dada wa kaunta akaniita pembeni. "Kaka, ndege imezidi uzito. Wewe na huyu mama mtaondoka na ya saa 9." Nikamwambia dada yangu, nina msiba, baba yangu anazikwa leo alasiri. Akanijibu, na nayaandika kama alivyoyasema: "Pole sana kaka, lakini hawa ni wa hoteli, wamelipiwa siku nyingi." Nikaomba basi mabegi yafuate na ndege ya saa 9, watu watangulie. Akasema haiwezekani, wageni hawawezi kufika bila vifaa vyao.

Yaani katika mizani ile, kilichoshushwa ni mtoto wa marehemu na mama mtu mzima wa Baleni, kijiji cha kule kwetu Mafia. Mama yule alikuwa na bahasha ya picha za eksirei mapajani, ametoka kliniki, hela ya kulala mjini imemwishia. Vilivyopanda ni viatu vya kuogelea.

Nikaomba nipewe karatasi yenye sababu ya kuachwa. Sikupewa.

Kuna atakayeniuliza kwa nini sikupita Nyamisati, bandari ya kuvukia kwenda Mafia kwa maji. Mkuu, hesabu mwenyewe. Panda basi Rangi Tatu, shika barabara ya Kilwa mpaka Bungu, acha lami uteremke Nyamisati, halafu chombo kinasubiri maji yajae ndipo kitoke kwenye mikoko. Bahari haina habari na msiba wako. Mtu wa Unguja akipata taarifa alfajiri, anateremka bandarini hapa mjini, anapanda boti ya kasi, adhuhuri yuko kwao. Sisi tuko Mkoa wa Pwani, jirani kabisa na Dar es Salaam, lakini siku ya msiba ndege ndiyo njia pekee ya kuwahi.

Ndege ya saa 9 iliruka saa 10 kasoro dakika kumi. Hakuna aliyetueleza kwa nini.

Sasa jambo linaloniuma kuliko yote nililisikia baadaye. Kiwanja cha Mafia kiko mjini pale pale Kilindoni, ndege ikishuka unaisikia ukiwa uani kwako. Ile ya asubuhi ilipopita juu, watu waliokuwa matangani walisema "huyo, kaja". Mama yangu akainuka kwenye mkeka. Mdogo wangu akawasha pikipiki kwenda kunipokea. Akasimama pale akaona wageni wanashuka, mabegi yanapakiwa kwenye gari la hoteli kuelekea Utende, mlango wa ndege unafungwa, na mimi simo. Akarudi kumwambia mama.

Nilipofika mimi nilikutana na watu njiani wanarudi kutoka makaburini. Udongo ulikuwa umeshamwagiwa maji. Aliyeteremka kumpokea baba ni binamu yangu, Mwenyezi Mungu amlipe.

Wakuu, hasira yangu si ya siku moja. Sisi watu wa Mafia tunasafiri kwa kiti alichobakiza mgeni. Msimu wa papa potwe, wale samaki wakubwa wanaofuatwa na watalii, Oktoba mpaka Machi, ndege zipo lakini nafasi hupati, zimeshikwa na hoteli. Masika ikiingia hoteli nyingi zinafunga, nafasi zipo lakini ndege zinapunguzwa. Mwaka mzima ratiba inafuata mtalii, kana kwamba kisiwani hakuna wenyewe. Sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya watu 66,000 wilayani kwetu. Wana wagonjwa, wana misiba, wana watoto wanaokwenda vyuoni.

Na ile lami ya kiwanja haikujengwa na hoteli. Mwaka 2008 Marekani iliipa nchi yetu dola milioni 698 kupitia mpango wa Changamoto za Milenia. Humo zilijengwa barabara kama Tunduma hadi Sumbawanga na Tanga hadi Horohoro, na humo ndimo njia ya kurukia ndege ya Mafia ilipowekewa lami. Fedha ile iliombwa kwa jina la kupunguza umaskini wa Watanzania. Sisi ndio tuliotajwa kwenye maombi, kwenye kiti hatutajwi.

Halafu bei. Nilipouliza nauli nilitajiwa kwa dola kwanza, nikageuziwa kwa kiwango chao: shilingi 298,000 kwenda tu. Safari ya ndani ya nchi, Mtanzania na Mtanzania! Kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Kaunta ile haijazisikia?

Simchukii mgeni. Wale wanane hawakujua lolote, mmoja alinipisha kwenye benchi akaniuliza kama niko salama. Utalii unalisha ndugu zangu wengi Utende na Chole. Ninachotaka ni utaratibu ulioandikwa na kubandikwa ukutani: ndege ikizidi uzito, mizigo inashuka kabla ya mtu, na mwenye msiba au mgonjwa ni wa mwisho kuguswa. Na kila ndege ya Mafia ibakizwe viti viwili vya wakazi mpaka siku yenyewe ya safari, visiuzwe hotelini miezi mitatu kabla. Ni viti viwili tu.

Malalamiko yangu nimeyaandika, Jumatatu nayapeleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga na nakala kwa baraza la watumiaji wa usafiri wa anga. Tiketi ninayo, picha ya ile mizani ninayo, muda wa kuruka niliuandika. Jina la kampuni silitaji hapa mpaka wajibu.

Wa Mafia mliowahi kushushwa hivi, wekeni hapa tarehe na saa, msiandike jina la mtu. Nataka niende na karatasi zaidi ya yangu. Na kama yupo anayemfahamu yule mama wa Baleni, mwambieni namtafuta, tulikaa benchi moja tangu saa 3 mpaka saa 10 na nilisahau hata kumuuliza jina.